Dawa ya sukari isiyo chungu

HAPA kwetu Pwani tuna itikadi moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila nyumba yaifuata: kwamba ugonjwa wa utamu hukatwa kwa uchungu. Mtu akiambiwa ana kisukari, kabla hata hajavuka lango la zahanati, jamaa zake wameshamtayarishia dawa. Huyu atamtajia mwarobaini, yule karela, mwingine shubiri. Na bibi yeyote wa Mji wa Kale aliye na heshima zake atamwambia aroweke uwatu usiku, anywe maji yake asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Wako hata wazee pale barazani kwetu wanaoamini kuwa vikombe vitatu vya kahawa chungu vyatosha kufuta kipande cha halua kilichotangulia.

Kwa hivyo mwezi wa Rajabu, yaani Januari mwaka 2025, niliporudi nyumbani na dawa mpya ya kisukari, shangazi yangu aliomba aione. Akakitoa kidonge kimoja, akakigeuza kiganjani, kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Hii ni peremende," akasema. "Mwanangu, wamekuchezea. Dawa isiyo chungu haikati sukari."

Nilicheka, lakini maneno yake nayaanzia makala haya kwa sababu ni wengi wanaofikiri kama yeye, na kwa sababu, kama nitakavyoeleza, hakuwa mbali sana na ukweli.

Mimi nina kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu, na miaka yote hiyo nilimeza dawa mbili: metfomini, ambayo ndiyo ya kwanza kupewa karibu kila mgonjwa, na glibenklamaidi, ile ya zamani ya bei nafuu. Sukari ilipanda na kushuka, nami nilijiona naishi nayo salama. Kilichobadilisha mambo ni mawili. La kwanza lilitokea Ramadhani ya mwaka 2024. Siku ya kumi na moja ya mfungo, baada ya sala ya alasiri, nilianza kutetemeka, jasho likanitoka kana kwamba nimemwagiwa ndoo ya maji, na vijana wawili wakanidaka kabla sijaanguka kwenye mkeka. Walinitia asali mdomoni. Nilipopata fahamu vizuri jambo la kwanza nililofanya ni kulia, maana nilijua saumu imekwenda.

La pili halikuwa na kishindo. Mwisho wa mwaka huo mkojo wangu ulipimwa ukaonekana una protini. Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliniambia kwa upole kwamba figo zimeanza kuvuja.

"Mwalimu," akasema, "hii dawa yako ya zamani huilazimisha kongosho itoe insulini, umekula au hukula. Wewe umefunga, yenyewe haijui kama kuna Ramadhani. Tena kwa mtu aliyepita miaka 60 haifai. Nataka tuiache, nikupe nyingine itakayozisaidia na figo."

Nikamwuliza swali moja tu: nitafunga? Akanijibu kuwa hilo hawezi kuniahidi, ila kama nitaanza dawa mpya sasa hivi, Rajabu, nikafika Ramadhani mwili umeshaizoea, ataweza kuniambia. Kama ningemwendea Shaabani iko ukingoni asingenianzishia kabisa, angengoja hadi baada ya Idi. Huko ndiko kuanza kwangu. Wengine huanza dawa kwa kuhesabu siku za mwezi wa mshahara. Mimi nilianza kwa kuhesabu mwandamo.

MKOJO NA SISIMIZI

Dawa yenyewe yaitwa empagliflozini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku. Kazi yake ni ya ajabu, na naomba wasomaji wanivumilie niieleze, kwa kuwa mtu akiifahamu hatazishangaa adabu zake.

Damu yote hupita kwenye figo ikachujwa. Katika kuchujwa huko, sukari kiasi cha gramu 180 kwa siku huvuka pamoja na maji, lakini figo ya mtu mzima wa afya huirudisha yote kwenye damu, kama mama wa nyumbani asiyekubali hata punje moja ya mchele imponyoke kwenye ungo. Dawa hii huufunga mlango ule wa kurudishia. Basi sukari ambayo ingerudi damuni hutoka na mkojo, na kwa mgonjwa mwenye figo zinazofanya kazi vyema hufika gramu 60 hadi 80 kwa siku, sawa na vijiko vya chai 12 hadi 16. Haikamui kongosho. Ndiyo sababu, ikitumiwa peke yake au pamoja na metfomini, si rahisi kumwangusha mtu kama nilivyoanguka mimi msikitini.

Hebu fikirini kinyume kilichomo humo. Tangu zama na zama mkojo mtamu ndio uliokuwa alama ya ugonjwa. Waganga wa Uhindi wa kale waliutambua kwa sisimizi waliokuja kuuzunguka, na jina walilolipa, madhumeha, maana yake ni mkojo wa asali. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Al-Qanun karibu miaka elfu moja iliyopita, alizungumza habari za utamu huo. Wazee wetu nao, kabla ya vipimo vya hospitali, waliangalia chooni kama chungu wamejaa. Leo daktari anampa mtu dawa ili mkojo uwe mtamu! Shangazi nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo yenyewe. Si chungu, lakini yaita chungu."

Na huu ndio ukweli niliosema hakuwa mbali nao. Asili ya dawa za ukoo huu ni kitu kiitwacho florizini, ambacho wanakemia wa Ulaya walikitoa kwenye gome la mti wa tufaha mwaka 1835. Kilikuwa kichungu, na kwa uchungu wake walidhani kitatibu homa kama gome la mkwinini. Mwaka 1886 tabibu wa Kijerumani, Joseph von Mering, aligundua kuwa kinamfanya mtu akojoe sukari. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya wenye elimu kukigeuza kuwa vidonge vya kumezwa, na vya kwanza viliruhusiwa kutumika Ulaya mwaka 2012. Hata metfomini mzizi wake ni mmea wa porini wa huko Ulaya waliokuwa wakiutumia waganga. Kwa hivyo mwenye kuidharau miti shamba kwa jumla hajasoma, na mwenye kudhani kila mti mchungu ni dawa ya sukari naye hajasoma.

Jambo lililonitia moyo zaidi halikuwa historia hiyo. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti wa watu zaidi ya 7,000 wenye kisukari na maradhi ya moyo. Wale waliopewa empagliflozini, vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwao kwa 38 kwa mia kuliko kwa wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kuwa dawa za ukoo huu huchelewesha kuharibika kwa figo. Shirika la Afya Duniani likaziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Nami figo ndizo nilizokuwa nikizililia.

WIKI ZA KWANZA

Sasa nije kwenye mambo ambayo watu huyaonea haya, nami nimeamua kuyaandika.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa msalani. Usiku niliamka mara nne. Udhu niliotia magharibi haukufika isha. Ijumaa ya kwanza nilikaa karibu na mlango wa msikiti, mahali ambapo kwa umri wangu si pangu, ili khutba ikirefuka niweze kutoka bila kuruka mabega ya watu. Kiu nayo ilinishika, tena ni kaskazi, lile joto la Januari ambalo hata paka wa Kibokoni hulala kwenye vivuli vya mitungi. Daktari alikuwa ameshaniambia ninywe maji bila kungoja kiu, nami nikaweka chupa mbili za lita moja moja juu ya meza, lazima ziishe kabla ya kulala.

Wiki ya pili, nikiinuka kutoka kwenye sijida, dunia ilikuwa ikizunguka. Kumbe nilikuwa natumia pia kidonge cha presha ambacho nacho kazi yake ni kutoa maji mwilini. Vidonge viwili vyavuta kamba upande mmoja. Nilirudi kliniki, kile cha presha kikapunguzwa, na kizunguzungu kikaondoka. Nalisisitiza hili kwa sababu wenzetu wengi wana presha na sukari pamoja, na dawa zao wamezipata kwa madaktari wawili tofauti ambao hawajui kila mmoja ameandika nini.

La tatu ni tohara. Mkojo wenye sukari ni chakula cha fangasi, na mtu asipojisafisha hupata muwasho na wekundu sehemu za siri. Wanawake hupata zaidi. Wanaume waliotahiriwa hupata kwa uchache. Hapa sisi tumebarikiwa. Kustanji kwa maji tumefundishwa chuoni tangu tungali watoto wa kanzu fupi, wala hatukuonewa haya kufundishwa. Kilichoongezwa na muuguzi ni kwamba baada ya maji mtu ajikaushe kwa kitambaa safi, asivae nguo mbichi katika joto hili. Muwasho ukija anayepaswa kuambiwa ni daktari, maana una dawa yake nyepesi. Maumivu makali, uvimbe na homa sehemu hizo ni nadra sana, lakini vikitokea ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Muuguzi aliniambia kuna akina mama wanaoacha dawa kimyakimya kwa muwasho wa siku tatu, kwa sababu daktari ni mwanamume na hawawezi kulisema. Mwenye mke, dada au mama anayetumia dawa hii na amsomee sehemu hii ya gazeti, au amwachie mezani aisome mwenyewe.

Nyumbani mizaha haikukosekana. Mke wangu, nilipomweleza habari za vijiko kumi na sita, alisema, "Haya, basi kula kaimati, si utazikojoa!" Alikuwa akitania, lakini wako wanaoifanya kweli hesabu hiyo. Sasa mimi ni mwalimu, nikaipiga ubaoni. Chai yetu ya Pwani, tusidanganyane, ina vijiko vitatu kikombeni. Vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 12. Dawa imeshamaliza karibu kazi yake yote na bado hujagusa mahamri, wala wali wa nazi, wala tende. Tuliafikiana hivi: chai ya nyumba nzima ipikwe bila sukari, mwenye kuitaka atie yake kikombeni. Mwezi wa kwanza wajukuu walinung'unika. Mgeni aliyekuja aliletewa bakuli la sukari kando, jambo ambalo zamani lingeonekana ni uchoyo, na hakuna hata mmoja aliyekasirika.

Uwatu wa shangazi sikuukataa. Nilimpelekea daktari habari zake kama zilivyo, akasema uwatu unaweza kushusha sukari kidogo, niendelee na kijiko kimoja ilmradi asijeniambia siku moja nimeacha vidonge kwa ajili yake. Alichokikataza ni chupa zile zinazouzwa bila jina la kilichomo ndani.

MFUNGO

Shaabani ilipokwisha nilikuwa na wiki takriban saba na dawa. Damu na figo zikapimwa, na daktari akaniruhusu nifunge kwa masharti. Kidonge kihamishwe kutoka asubuhi kiende futari. Maji yanywewe kidogo kidogo toka magharibi mpaka daku, si kuyafukia yote wakati mmoja. Daku liliwe mwisho wa usiku, wala lisirukwe. Sukari ipimwe mchana, na ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, nifungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ya magharibi.

Sharti la kupima ndilo lililoleta mjadala barazani. Mzee mmoja alishikilia kuwa tone la damu linavunja saumu. Nilimwendea sheikh wetu, naye akanieleza kuwa wanazuoni wa baraza la kimataifa la fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1997 waliliangalia swali hili, wakaona kuchukuliwa damu ya kipimo si katika yenye kufunguza. Kuhusu kufungua kwa ugonjwa, alinikumbusha tu aya ya 185 ya Suratul Baqara, kisha akasema kwa sauti ya kunigombeza kwamba ruhusa ya Mola si tupu ya kuonewa aibu.

Siku kumi na nane zilikwenda vyema, na katika zote hizo sukari yangu haikushuka chini ya 5. Usiku wa kuamkia ya kumi na tisa tumbo liliniharibikia, nadhani ni sambusa za njiani, nikatapika na kuharisha. Alfajiri nikapima: 8.4. Kwa nambari hiyo kila mtu nyumbani aliona sukari ni nzuri, kinachosumbua ni tumbo tu, nijikaze. Hapa ndipo nawaomba wenye kutumia dawa hii wasome polepole. Mwili uliokauka na usio na chakula, ukiwa na dawa hii ndani, unaweza kuanza kuyeyusha mafuta yake na kujaza asidi kwenye damu huku sukari ikionekana ya kawaida kabisa. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na uchovu usio wa kawaida. Nusu ya hizo mimi nilikuwa nazo. Si jambo la kila siku, lakini lisiposhikwa mapema huua. Nilikuwa nimeshaambiwa: siku ya kutapika au kuharisha kidonge kinaachwa, saumu inaachwa, na mtu anakwenda kupimwa asidi hiyo. Mwanangu akanitia kwenye tuktuk. Kliniki walipima ketoni wakaona salama, wakanipa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, nikarudi nyumbani. Siku mbili nilikula, siku ya tatu nikafunga, na kidonge kikaanza tena futari ile niliyoweza kula vizuri. Kadhalika mwenye kupasuliwa yampasa awaambie madaktari siku kadhaa kabla, kwa maana dawa huachwa takriban siku tatu kabla ya upasuaji.

Siku zile mbili nilizilipa Mfunguo Mosi, kabla ya kuanza sita.

Baada ya Idi kile kipimo cha damu cha miezi mitatu kilitoka 7.9, kutoka 8.8. Si muujiza, na daktari bado angependa chini ya 7.5, lakini kumbukeni kwamba dawa moja iliondolewa. Protini kwenye mkojo ilipungua karibu nusu. Kilo nne ziliniondoka, na hilo limenipa kazi ya kujieleza kila kona kutoka Marikiti hadi nyumbani, kwa sababu watu wa kwetu mtu akikonda humtazama kwa jicho la rambirambi. Mara moja katika zahanati nyingine, nilikokwenda kwa ajili ya kikohozi, kijana alitumbukiza kijikaratasi kwenye mkojo wangu kikageuka rangi, akaja mbio na uso wa mtu aliyeona msiba. Mkojo wa mwenye kumeza dawa hii daima utaonyesha sukari. Tangu siku hiyo naanza kwa kutaja dawa zangu kabla sijaombwa mkojo.

Barazani sasa wananiomba vidonge. Mmoja alitaka viwili tu "avijaribu", naye hupigwa sindano za insulini tangu ujana wake, kisukari cha aina ya kwanza, ambacho dawa hii kwake ina hatari kubwa zaidi ya ile asidi. Mwingine figo zake zimechoka kiasi kwamba dawa hii isingeshusha sukari yake sana, ijapokuwa daktari wake huenda akampa kwa ajili ya figo zenyewe. Mpaka leo sijamgawia mtu hata nusu.

Liko jambo la bei, nalo ndilo linalowarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Metfomini naipata kwa shilingi chache. Kidonge kipya mwezi wa kwanza kilikula fedha za samaki na za umeme, na wanangu wawili ndio waliokichangia. Lakini mwuza dawa wangu alinieleza kuwa haki ya kiwanda kimoja kutengeneza empagliflozini peke yake ilimalizika huko Uhindi mwezi wa Machi mwaka 2025, na viwanda vingi vya huko vikaanza kuitengeneza kwa bei ya chini. Akanifundisha nimwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe wala si jina la biashara, na kila mwezi niulize bei katika maduka matatu kabla ya kununua. Mwezi huu nimezunguka manne. La nne liko uchochoroni nyuma ya Mwembe Tayari, mlango wake mtu hupita bila kuuona, na huko ndiko nilikoipata kwa bei tunayoiweza bila kumpigia mtu simu.